Eastlands, Acheni Kupima Jini kwa Macho

Jumamosi jioni katika Eastlands ya Nairobi, kuanzia Mutindwa hadi Kayole, chupa inayotoka kwa kasi kwenye madirisha ya nondo ya maduka ya pombe kali ni ya jini. Foleni ina kila aina ya mtu: msichana aliyeshuka matatu ya Umoja akiwa bado na beji ya kazini shingoni, kijana wa boda boda aliyefunga kazi mapema, mama aliyetumwa na wenzake wa chama. Huyu anataka kwota ya mililita 250, yule anataka mzinga wa mililita 750. Pamoja na chupa hubebwa Krest, Stoney au Sprite ya lita mbili. Ndimu hazimo kwenye orodha. Barafu haimo. Cha kupimia hakikumbukwi kabisa. Robo saa baadaye, ghorofa ya nne, jini inamiminwa kwenye bilauri ya maji mpaka mwenye chupa aone imetosha, kisha soda inajaza nafasi iliyobaki.

Kasoro iko hapo kwenye kuona imetosha. Eastlands imeikaribisha jini sebuleni bila kuleta nyumbani kitu ambacho baa yenye leseni haiwezi kukosa, yaani kipimo. Anayekunywa jini nyumbani anapaswa kuichanganya kwa kanuni ya kokteli za kale: pombe, uchachu, utamu, maji na barafu, kila kimoja kwa kiasi chake kinachojulikana. Wengi hudhani ufundi huo ni wa Westlands na Kilimani, wa watu wenye baa za mbao ndani ya nyumba. Ukweli ni kwamba anayeuhitaji zaidi ni mwenye nyumba ya vyumba viwili Donholm au Komarock, ambaye chupa moja ikimwagwa ovyo inatafuna nauli ya wiki nzima na kuharibu Jumapili ya watoto.

Asiyekunywa hana sababu ya kuanza. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kuwa mmoja kati ya Wakenya wanane wa umri wa miaka 15 hadi 65 anakunywa. Makala haya yanamhusu huyo mmoja, pamoja na wale wanaoishi naye chini ya paa moja.

Mji uliozoeshwa kunywa kwa haraka

Kumimina bila kupima kuna historia ndefu katika mitaa hii. Mkataba wa Brussels wa 1890 na ule wa Saint-Germain wa 1919 ilibana uingizaji wa pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na serikali za kikoloni zikajenga juu yake sheria za kumnyima Mwafrika vinywaji hivyo. Nairobi haikuwa tofauti. Miaka ya 1920 halmashauri ya mji ilijipa ukiritimba wa kupika na kuuza pombe ya kienyeji Pumwani, mtaa wa kwanza uliopangiwa Waafrika, na faida yake ikaingia kwenye mfuko wa kulipia huduma za Waafrika hao hao. Cha mlevi huliwa na mgema, na mgema wa Pumwani alikuwa manispaa. Jini, wiski na brandi zilibaki kwenye klabu za Wazungu, ambako mhudumu Mwafrika alizipima, akazichanganya na kuzitia barafu, lakini kwa mujibu wa sheria hakuruhusiwa kuzionja.

Watu walijitengenezea yao. Kibera, Wanubi walipika pombe kali ambayo Waingereza waliiita jini ya Wanubi, na ndiyo nasaba ya chang'aa ya leo. Baada ya uhuru, sheria ya 1980 iliipiga chang'aa marufuku, na marufuku hiyo ikadumu miaka 30. Kwa miaka hiyo yote pombe kali ya mtu wa kawaida ilinywewa chumba cha nyuma, mlango ukiwa umefungwa na sikio likiwa nje kusikiliza buti za askari. Anayekunywa kwa hofu ya kukamatwa hana muda wa kukamua ndimu. Humeza, hufuta mdomo, huondoka.

Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Kudhibiti Vileo, ile inayoitwa Sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Ilihalalisha chang'aa kwa masharti, ikaweka saa za baa, ikathibitisha umri wa miaka 18, ikadai maonyo ya afya kwenye lebo na kukataza vifungashio vya chini ya mililita 250. Ndiyo maana kwota ndiyo chupa ndogo kabisa inayopatikana dukani. Sheria ilishughulikia chupa, muuzaji na saa. Mkono unaomimina haukuguswa.

Nani basi aliufundisha mkono huo? Hakuna. Mtaa ulitoka kwenye marufuku ukaingia kwenye wingi bila kupita darasani. Uganda ilileta pombe yake ya kienyeji chini ya leseni mapema zaidi, kwa Sheria ya Enguli ya 1965, na hapo ikatoka chupa ya Uganda Waragi ambayo hata Nairobi ina wapenzi wake. Dar es Salaam kuna Konyagi. Nchi zote tatu zimepata chupa zilizofungwa vizuri, na katika nyumba nyingi za nchi zote tatu chupa hizo humwagwa kwa macho.

Glasi yenye mizani

Tuchukue kokteli moja ya kale inayofaa kabisa sebule ya Buruburu: Tom Collins. Imo katika kitabu cha mhudumu wa baa wa Marekani Jerry Thomas, toleo la 1876, na tangu hapo haijabadilika sana. Ni jini, maji ya limau, sukari na maji ya soda. Hakuna kitu hapo ambacho hakipatikani kati ya duka la jirani na kibanda cha mama mboga.

Kipimo chake ni hiki: mililita 50 za jini, 20 za maji ya ndimu au limau, 20 za shira ya sukari, kisha mililita 100 hivi za maji ya soda. Mizani yote imo kwenye zile 20 na 20. Uchachu na utamu vikiwa sawa, ulimi haulalamikii kimoja wala kingine, na jini inapata nafasi ya kusikika. Kila mpishi wa mtaani anaijua kanuni hii kutokana na kachumbari: ndimu ikizidi nyanya zinapotea, chumvi ikizidi hakuna anayekula.

Kifaa cha kupimia kimo ndani ya nyumba tayari. Ni kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji ya kikohozi, chenye mistari ya 5, 10, 15 na mara nyingine 20. Kioshwe kwa maji moto na sabuni, kitengwe kwa kazi hii, kisirudishwe tena kwenye dawa ya mtoto. Nyumba isiyonacho itumie kijiko kikubwa cha kupimia, ambacho ni mililita 15. Vijiko vitatu na kijiko kimoja cha chai, chenye mililita 5, vinatimiza 50. Kazi hiyo huchukua sekunde kumi.

Shira nayo ni rahisi. Glasi moja ya sukari na glasi moja ya maji moto, inakorogwa mpaka sukari iyeyuke yote, inaachwa ipoe, inatiwa kwenye chupa safi na kuwekwa kwenye friji, ambamo hukaa wiki mbili bila taabu. Sukari kavu ikitiwa moja kwa moja kwenye kinywaji baridi hutuama chini, basi wa kwanza kuonja hupata uchachu mtupu na wa mwisho hupata uji wa sukari. Ndimu ibingirishwe mezani kwa kiganja kabla ya kukatwa, na ikamuliwe papo hapo. Maji ya ndimu ya jana huwa na uchungu, na yale ya chupa za plastiki hayana harufu ya ganda, ambayo ndiyo nusu ya raha.

Chombo cha kutikisia ni mtungi wa glasi wa jemu au siagi ya karanga wenye kifuniko kinachokaza. Jini, ndimu na shira huingia, barafu hujazwa hadi juu, kifuniko hufungwa, na mtungi hutikiswa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15, ukiwa umeshikwa kwa kitambaa. Ukishaganda nje na kuumiza vidole kwa baridi, kazi imekwisha. Mimina kwa kichungi cha chai juu ya barafu mpya, ongeza maji ya soda, koroga mara moja tu.

Hapo katikati kimetokea jambo ambalo wanywaji wengi hawalioni. Barafu imeyeyuka na kuacha maji yasiyopungua mililita 30 ndani ya mtungi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na methali hiyo ni ya lawama. Katika kokteli maji hayo ni sehemu ya kinywaji kama ilivyo ndimu: yanalegeza ukali wa pombe, yanaunganisha uchachu na utamu, na yanafungua harufu ya juniperi, tunda ambalo bila yake jini haiitwi jini. Anayekwepa barafu kwa kuhofia maji anajinyima kitu kilichowekwa kwa makusudi.

Baridi nayo ina kazi. Ulimi uliopoa hausikii utamu vizuri. Ndiyo maana soda ya vuguvugu huonekana kama shira, na soda ile ile ikitoka kwenye friji hunyweka. Mwenye kuchanganya kinywaji chake bila barafu, akaona kitamu mno na kuongeza jini ili "kukata sukari", amejidanganya mara mbili katika glasi moja.

Soda inaficha nini?

Wapenzi wa jini na Krest watauliza: kuna ubaya gani? Krest ina uchachu, ina uchungu kidogo, na mtaa umeizoea. Kwa hakika ndani ya mazoea hayo kuna akili, kwa sababu mnywaji wa Eastlands alikuwa anatafuta kile kile ambacho kokteli ya kale inatoa, yaani ndimu, sukari na mapovu. Alikipata kikiwa kimefungwa kwenye chupa moja.

Shida ni kiasi. Soda nyingi za kawaida hubeba takriban gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, hivyo bilauri yenye mililita 300 za soda huingiza gramu 30. Mililita 20 za shira ya nyumbani zina gramu 11 hivi. Mtu wa bilauri nne za soda na jini amekunywa gramu 120 za sukari katika kikao kimoja, katika mji ambao kila familia ina shangazi au mjomba anayepimwa kisukari kila mwezi. Na sukari nyingi hufunika ukali wa pombe. Mtu anameza kinywaji kizito akidhani ni soda iliyochangamshwa kidogo. Miguu ndiyo inayompa habari, saa moja baadaye, anapojaribu kusimama.

Anayetaka ladha ya nyumbani zaidi ana njia nyingine ya kale. Kokteli ya miaka ya 1920 inayoitwa Bee's Knees ni jini, limau na asali, basi. Mkenya ataitambua mara moja, kwa sababu ni ndugu wa dawa, kinywaji cha vodka, ndimu, asali na barafu kilichopewa umaarufu na mkahawa wa Carnivore wa Barabara ya Langata, uliofunguliwa 1980. Asali ya Baringo au ya Mwingi, vipimo viwili kwa kipimo kimoja cha maji ya uvuguvugu, huchukua nafasi ya shira. Vipimo vya jini na ndimu havibadiliki. Kenya ina hata juniperi yake: mutarakwa, mti unaokatwa nguzo za ua huko nyanda za juu, ni Juniperus procera, na kampuni ya Procera ya Nairobi hutumia matunda yake kutengeneza jini inayouzwa ng'ambo. Mti uliozunguka shamba la babu ndio unaotia harufu kwenye chupa za kifahari. Kwa nini basi mwananchi aone haya kuijua kazi hii?

Hesabu ya mzinga

Twende kwenye mfuko, maana ndiko wake kwa waume huamua mambo.

Jini ya asilimia 40 ikipimwa mililita 50, ina mililita 20 za alkoholi safi. Tusker ya nusu lita, ya asilimia 4.2, ina 21. Kwa maneno mengine, glasi moja iliyopimwa ni sawa na Tusker moja kubwa. Kwota ya mililita 250 ni karibu Tusker tano. Mzinga wa mililita 750 ni Tusker kumi na nne na chembe. Mwanamume anayejivunia kwamba "haguzi pombe nyingi, kwota tu" amemaliza bia tano, mara nyingi ndani ya saa moja, mara nyingi kabla ya chakula.

Sasa tazama upande wa pili. Mzinga mmoja uliopimwa unatoa glasi 15. Mume na mke wanaokunywa glasi mbili kila mmoja Jumamosi jioni, wataukuta mzinga ule ule ukiwa bado kabatini Jumamosi ya tatu, na utakwisha ya nne. Mzinga ule ule ukimwagwa kwa macho na watu wanne hauoni usiku wa manane, na mara nyingi mmoja wao hutumwa dukani kuongeza. Bandu bandu huisha gogo, lakini gogo la mtaani halisubiri hata bandu ya pili. Pesa iliyobaki kwenye chupa iliyopimwa ni gesi ya kupikia, ni tokeni za stima, ni daftari.

Yupo atakayesema kokteli ni ghali. Ni ghali baa. Bei ya glasi moja katika baa nyingi za Westlands hukaribia au hupita bei ya kwota nzima dukani, na mnunuzi anailipia kodi ya jengo, muziki na taa. Nyumbani, kinachoongezwa juu ya jini ni nusu ya limau, vijiko viwili vya sukari na maji ya soda. Ukitoa bei ya soda tamu ya lita mbili ambayo haikununuliwa, hesabu inaweza hata kushuka.

Kuna faida nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Kukamua, kupima na kutikisa huchukua dakika tatu au nne kwa kila glasi. Muda huo humpa mnywaji nafasi ya kujiuliza kama kweli anataka nyingine. Chupa iliyo wazi mezani, na mkono ulio karibu nayo, havimuulizi chochote. Na baada ya glasi mbili mtu aliyepima anajua kwamba amekunywa sawa na bia mbili kubwa, anajua kwamba hapaswi kushika usukani kwenda kumrudisha mgeni hadi Outer Ring. Aliyemimina kwa macho hana namba ya kujiambia.

Chupa yenyewe

Kipimo kizuri cha kitu kibaya hakimsaidii mtu. Novemba 2000, katika vijiji vya Mukuru vinavyopakana na Eastlands, pombe ya bei ya chini iliyoitwa kumi kumi iliua zaidi ya watu 100 na kuwapofusha wengine. Ilikuwa na methanoli. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwamo. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga, na mwezi uliofuata Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, akatangaza hatua 25 dhidi ya pombe haramu.

Methanoli haionjeki ikatambulika. Mwili huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho. Hakuna ndimu, asali wala barafu inayoiondoa. Mtu aliyekunywa akaanza kuona ukungu, kuumwa tumbo sana au kupumua kwa kasi apelekwe hospitali usiku huo huo, kwa sababu tiba ipo lakini haingoji asubuhi.

Kuna hesabu ndogo inayoweza kumkinga mnunuzi. Tangu mwisho wa Desemba 2024 ushuru wa pombe kali Kenya hutozwa kwa kiasi cha alkoholi: shilingi 10 kwa kila sentilita ya alkoholi safi. Kwota ya jini ya asilimia 40 ina sentilita 10, hivyo ushuru peke yake ni shilingi 100, kabla ya VAT, chupa, kiwanda, gari na faida ya duka. Anayeuziwa kwota "ya kampuni" kwa bei inayopita shilingi 100 kidogo tu ajiulize nani amelipa hizo gharama nyingine zote. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hicho cha bei ya kutupa kwa kawaida hutembezwa. Stempu ya KRA, mamlaka ya mapato, ikaguliwe kwa programu ya Soma Label, kifuniko kiangaliwe kama kimewahi kufunguliwa, na chupa tupu zivunjwe au zipasuliwe lebo kabla ya kutupwa, kwa sababu wapo wanaozikusanya ili kuzijaza upya.

Nyumba ina watu wengine

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mama wa nyumba na kwa wazee wa kanisa na msikiti, nalo linastahili kusikilizwa. Wanasema kufundisha watu kuchanganya kokteli ni kuipamba pombe, na kwamba mchovya asali hachovyi mara moja. Hofu hiyo ni ya kweli. Nyumba za Eastlands ni ndogo, sebule ndiyo chumba cha kusomea na mara nyingi ndiyo chumba cha kulala watoto. Kila tendo la mzazi lina hadhira.

Lakini hadhira hiyo inaona nini leo? Inaona chupa ikiinuliwa, glasi ikijazwa, sauti ikipanda, na asubuhi mzazi akiwa hawezi kuamka. Mtoto anayekulia hapo anajifunza kwamba pombe kali ni kitu cha kumaliza. Ni heri aone mtu mzima akipima, akila kwanza, akinywa glasi moja au mbili, akifunga chupa na kuirudisha juu ya kabati ambako mkono wa mdogo haufiki. Na kwa mwanamke mjamzito, kwa anayetumia dawa, kwa aliyewahi kutekwa na pombe akapona, na kwa kila aliye chini ya miaka 18, kipimo sahihi ni sifuri, bila mjadala.

Jambo zuri la Tom Collins ni kwamba ukiitoa jini inabaki limonadi halisi. Ndimu, shira, barafu na maji ya soda vinaweza kuwekwa mezani kwa wote, jirani Mwislamu kutoka Majengo, shemeji aliyeokoka, dereva wa siku hiyo, na kila mtu akapewa glasi ya sura ile ile. Mwenye nyumba hamwachi mgeni asiyekunywa na maji ya mfereji huku wengine wakihudumiwa. Huo ni ukarimu ambao chupa na soda tamu havijawahi kuupa mtaa.

Kikombe kije na chupa

Julai 2025 NACADA ilizindua sera ya taifa inayopendekeza umri wa kunywa upandishwe hadi miaka 21 na uuzaji wa pombe mtandaoni pamoja na kupelekewa nyumbani ukomeshwe. Mapendekezo hayo yalizua mjadala, na yote yanamlenga muuzaji. London ilipitia njia hiyo karne ya 18, jini ya bei ya chini ilipofurika katika mitaa ya maskini. Sheria ya 1736 ilidai leseni ya pauni 50 kwa mwaka, na matokeo yake yakawa uuzaji wa kichochoroni. Ilifutwa 1743. Sheria ya 1751, iliyobana wauzaji kwa mpango mzuri zaidi, ndiyo iliyosaidia kupunguza balaa. Serikali ina haki ya kumbana muuzaji, na inapaswa kuendelea. Nusu ya pili ya kazi iko jikoni, na huko hakuna askari anayeweza kufika.

Ndiyo maana hatua moja ndogo inafaa kudaiwa kutoka kwa viwanda na Bunge. Dawa ya kikohozi, yenye nguvu ndogo sana kando ya jini, haiuzwi bila kikombe chenye mistari, kwa sababu kila mtu anakubali kwamba kiasi ndicho kinachotenganisha tiba na sumu. Chupa ya asilimia 40 huuzwa bila maelekezo: lebo inasema pombe ni hatari, haisemi glasi moja ni kiasi gani. Kila kwota na kila mzinga uje na kikombe cha mililita 25 na 50, na lebo ieleze kwa Kiswahili kwamba 50 ni sawa na bia moja kubwa. Bodi za leseni za kaunti zinaweza kuyataka maduka yaweke vikombe hivyo kaunta hata kabla ya sheria kubadilishwa. Gharama ya kikombe cha plastiki ni ndogo mno, na kampuni zinazomudu kulipia mabango marefu ya Barabara ya Jogoo zinaweza kuimudu.